Saa Iliyorudi Kwenye Sinia

Mado Bwalya alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, katika maternité moja, zahanati ya wazazi ya mtaani kule Katuba, Lubumbashi, na miaka hiyo yote mikono yake ilikaa mitupu. Hakuvaa pete wala bangili. Mkunga anayepokea mtoto huku kitu kinang'aa mkononi hufukuzwa na wakunga wenzake kabla daktari hajapata habari. Saa yake aliitundika kifuani kwa pini, kichwa chini, ili akiinamisha shingo aisome sawasawa. Kwa saa hiyo alihesabu mapigo ya moyo ya wanawake wengi, na baadhi ya watoto aliowapokea sasa wanaendesha malori ya migodi kwenda mpakani, wanampita barabarani bila kumjua na kumwachia vumbi.

Mume wake, fundi wa reli, alifariki wakati binti yao Joëlle yuko darasa la kwanza. Baada ya matanga Mado alirudi kazini. Paa lilipovuja alipanda mwenyewe. Fundi mwashi aliyependa kuzidisha mchanga kwenye saruji alimkuta ameketi juu ya mifuko, mwavuli mkononi, akachanganya ipasavyo bila kuambiwa neno. Shule ilipoita mkutano wa akina baba, alikwenda akaketi mstari wa mbele. Hakuna aliyemsifu, na hakuna aliyemzuia. Joëlle alisoma hadi akamaliza masomo ya dawa kule Kasapa, kwenye chuo kikuu, na siku ya diploma mama yake aliketi kwenye kiti cha plastiki amevua viatu chini ya kikwembe, kitenge chake cha sherehe, maana vilimbana.

Kisha Joëlle akaposwa.

Mchumba aliitwa Mardochée, mhandisi wa umeme katika mgodi mmoja wa upande wa Kambove. Familia yake ilitoka Kasai zamani za babu, ikakaa Lubumbashi, ikafanya biashara ya nguo na kusomesha watoto. Msemaji wao alikuwa Papa Clément, mdogo wa baba yake Mardochée, mtu mrefu mwenye duka la vitambaa katikati ya mji, ambaye hata akiomba chumvi mezani utadhani anasoma somo kanisani.

Kwa upande wa binti, kiti cha baba kilihitaji mwanaume. Kaka mkubwa wa Mado, Kangwa, aliteremka kutoka Kasomeno, ambako anauza mahindi, akakikalia. Hakuna aliyeshangaa. Kwa watu wa kwao mtoto ni wa mjomba tangu anapozaliwa, na Kangwa, ingawa hakuonekana sana katika miaka ya ada za shule, sherehe haikumpita hata moja. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mikono kama mihogo iliyokomaa.

Siku ya mahari, ile ambayo mjini kila mtu huiita dote, uwanja wa nyumba ya Mado ulifunikwa turubai na viti vikapangwa pande mbili zinazotazamana. Mado aliketi nyuma ya kaka yake, kama ilivyo desturi, kwa kuwa mama wa binti haongei siku hiyo. Anaongelewa. Upande wa pili Mardochée naye alikaa kimya, macho chini. Tangu aliposema nia yake, hakumshika mama-mkwe wake mkono, hakula naye sahani moja, wala hakumtazama usoni. Heshima hiyo wanaiita buko, na kijana aliyelelewa vizuri huifuata hata kama amesoma hadi ng'ambo.

Familia ya Clément ina namna yake ya kutoa. Kila zawadi huja juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, na anayepewa huinua mwenyewe. Kitu kikishainuliwa, kimepokelewa. Kikirudi kwenye sinia mbele ya waliokileta, kimekataliwa, na aliyekileta amekataliwa pamoja nacho. Jambo hilo Clément alilieleza kwa Kifaransa mwanzoni mwa sherehe, kirefu, na watu wa upande wa Mado waliitikia kwa vichwa huku wakiangalia sufuria.

Kangwa aliinua suti, viatu na kofia. Mado aliinua vikwembe. Mwisho, Nono, dada mkubwa wa Mardochée, alileta sinia dogo. Juu yake palikuwa na saa ya mkono ya Uswisi, ya dhahabu, yenye uso wa lulu na vijiwe vidogo kuuzunguka. Wanawake wa pande zote mbili walivuta pumzi. Mado aliinua, na Nono akamvalisha.

Ilikuwa kubwa. Mardochée aliinunua bila kujua mkono utakaoivaa, kwa sababu mkono wa mama-mkwe hautazamwi, seuze kupimwa. Dukani alipimia mkono wa Nono, na Nono ni mwanamke aliyejaliwa. Kwa hiyo saa ilipofungwa kwenye mkono mwembamba wa Mado iliteleza hadi karibu na kiwiko, na alipoteremsha mkono ikashuka ikagonga kwenye vidole. Aliketi mkono umekunjwa kifuani kama mtu aliyeteguka.

Nono alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alianza kulia, na Nono alitakiwa kubeba sinia lingine, la mashangazi. Akamfungua mtoto, akageuka na kumpa mama aliyekuwa karibu.

Mama aliyekuwa karibu alikuwa Mado. Mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea kabla kichwa hakijaulizwa. Alivua saa, na wala hakuhitaji kuifungua, akaiweka mahali safi palipokuwa karibu, akampokea mtoto, akambonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili. Mtoto akacheua, akanyamaza.

Hapo ndipo Mado aliposikia kwamba watu wote wamenyamaza pia. Mahali safi palipokuwa karibu palikuwa kitambaa cheupe cha sinia.

Clément alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Papa Kangwa. Tunaona montre imerudia."

"Imerudia wapi?" Kangwa aliuliza, kisha akaona. "Ah, hapana! Hapana, hapana. Dada yangu ni accoucheuse. Akiona mutoto anatosha bintu mu mikono, anabivula. Iko vile. Hata ukimupatia mutoto wa mbuzi, atatosha!"

Upande wa binti ulicheka. Upande wa pili hapana.

"Mutoto wa mbuzi hatukuleta," alisema Clément. "Mbuzi tulileta mukubwa. Na tulileta montre."

"Banakatala mutoto wetu!" sauti ya shangazi mmoja ilitoka nyuma.

"Nani anakatala? Mama, ikala chini, miye njo nasema hapa!"

Watu walisema kwa pamoja kwa muda. Joëlle, ambaye alikuwa ndani akisubiri kuitwa, alichungulia dirishani amevaa nguo yake ya pili ya siku hiyo, na Mado alimwona akiweka kiganja mdomoni. Mado bado alikuwa na mtoto begani. Alijua kwamba akisema atakuwa amevunja jambo la pili.

Mwishowe Clément aliinua mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona jambo likifanyika mbele ya watu mia, asiyeweza kujifanya hakuliona.

"Tunaamini maneno ya Papa Kangwa. Kama ni kipimo njo ilikosea, kipimo kinarekebishwa. Mama aende mu magasin, achague ile inamukaa, ya namna ile ile, hapana ya chini. Samedi tunarudia, tunaiweka pa plateau mbele ya bote. Ikiinuliwa, Joëlle ni mutoto wetu. Isipoinuliwa, tutakunywa sucré ya chupa, tutasalimiana, tutaachana bila makelele."

Saa ya dhahabu ilirudi mfukoni mwa Mardochée. Watu walikula bukari, ugali wa kwao, na nyama, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari, lakini hakuna aliyecheza ngoma.

Siku zilizofuata, kabla ya Jumamosi hiyo, kila mtu alikuwa na ushauri, na wote ulikuwa mmoja. Kangwa, ambaye aliahirisha kurudi Kasomeno, alisema saa ipunguzwe tu mnyororo, irudi ile ile, mambo yaishe. Joëlle alisema vivyo hivyo kwa sauti ndogo.

"Maman, chukua ile ile. Ukichagua ingine, batasema unazarau."

"Nitaona," alijibu Mado, akipembua mchele.

"Utaona nini? Iko muzuri. Bantu bote banasema iko muzuri."

"Nasema nitaona, Jojo. Mukono ni ya miye."

Duka la saa lipo katikati ya mji, lina mlango wa kioo na mlinzi anayeufungua, na ndani kuna baridi kama ya Juni asubuhi ingawa nje ilikuwa Oktoba, joto linachoma. Walikwenda watatu. Joëlle alitembea katikati. Mado alisimama upande wa kushoto wa meza ya vioo, Mardochée upande wa kulia kabisa, karibu na saa za ukutani, amewapa mgongo kwa robo tatu.

Muuzaji aliitwa Kiki, kijana mwenye suti iliyombana na mikono laini kama ya mtu anayecheza karata. Alitandika kitambaa cheusi, akaweka saa ya dhahabu juu yake, akatazama huku na huku, akaamua kwamba huyu ni mama na wale ni watoto wake wawili.

"Grand frère," alimwita Mardochée, "kuya ufungie mama montre. Mwenye kulipa njo anafungaka, inaleta bahati."

Mardochée alirudi nyuma hatua moja, kiwiko kikagonga saa ya ukutani, ikaanza kulia.

"Eh! Mutoto gani anaogopa mama yake?"

"Ni mama-mukwe," alisema Joëlle. "Wa kwake. Mama ni ya miye."

Kiki aliweka mkono kifuani. "Ah, pardon! Pardon, mama. Pardon, grand frère, usisogee, bakia pale pale." Akanyanyua kioo kirefu cha kujitazamia, akakisimamisha mezani kati ya wakwe hao wawili kama pazia. Mambo yakawa mepesi.

Kutoka nyuma ya kioo sauti ilisema, "Joëlle, ambia mama asiangalie bei."

"Maman, anasema usi—"

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Merci," ilisema sauti.

Kiki alianza na ile ya dhahabu. Alitoa vipande vya mnyororo kwa kibisibisi chembamba kama sindano, akaufunga, akapitisha kidole chake kidogo kati ya chuma na ngozi. "Kidole kimoja kinapita, njo kipimo. Kisipopita, jua likiwaka mukono itavimba, mama atalia. Vikipita bibili, itacheza." Saa haikuteleza tena. Ilikaa. Mado aliugeuza mkono, vijiwe vikatupa mwanga kwenye dari. Ilikuwa nzuri, na alikubali moyoni kwamba ni nzuri. Alijitazama kwenye kioo, akaona mkono wa mwanamke tajiri ambaye hakumfahamu umetokeza kwenye mkono wa nguo yake.

"Inasema saa ngapi?" aliuliza.

Joëlle alichungulia. Uso wa lulu haukuwa na tarakimu hata moja.

"Mama, ile haisomiwake," alieleza Kiki. "Inaonwaka."

"Na mushale wa secondes?"

"Haina. Ile ya bamama ya elegance, secondes ni za nini?"

Mado aliivua, akaiweka kwenye kitambaa cheusi. Kiki alimletea ya pili, ndogo, nyembamba kama sarafu, yenye mkanda wa ngozi ya mamba wa rangi ya divai. Hiyo, alisema, ndiyo wanayovaa wake za mabalozi. Mkono wa Mado ni mwembamba, lakini mfupa wake wa kando ni mkubwa, umetokeza kama kifundo, na saa hiyo ilipanda juu ya mfupa ikalala ubavu. Aliisogeza juu, ikashuka. Kitufe cha pembeni kilikuwa kidogo kiasi kwamba vidole vyake, vilivyozoea kushika visigino vya watoto, havikukipata.

"Iko kama mududu," alisema.

Joëlle alicheka bila kutaka. Nyuma ya kioo mtu alikohoa.

"Mama anavalaka nini kila siku?" Kiki aliuliza, sasa akiwa anafanya kazi kwelikweli. "Hapana ya sherehe. Ya kila siku."

"Kikwembe. Chemise ya mikono mufupi."

"Anatumikaka nini?"

"Nilitumika maternité. Sasa bantu banakuya ku nyumba. Mimba, mapigo, presha. Bananiita, ninaenda."

Kiki alitazama chini ya vioo vyake, akatazama tena. Mado naye alikuwa akitazama, na jicho lake lilisimama mahali ambapo la Kiki halikusimama, kwenye safu ya mwisho, ya saa za wanaume.

"Ile pale."

"Ile ni ya homme, mama."

"Na montre yenyewe inajua?"

Kiki akaitoa. Ilikuwa ya chuma cheupe, bapa, uso mpana mweupe, tarakimu nyeusi zilizosimama wima, na mshale mwembamba wa sekunde uliozunguka bila kushtuka. Hakuna kijiwe. Kiki, ambaye alijua bidhaa zake, aliongeza kwa sauti ya chini kwamba kwa thamani hii haiko chini ya ile ya dhahabu hata kidogo, ila haipigi kelele. Saa yenyewe, bila mnyororo kupunguzwa, ilikuwa kubwa kwa mkono ule, lakini uso wake, ulipolala nyuma ya mfupa, haukuvuka ukingo wa mkono upande wowote. Pembe zake zilikuwa zimeinama kidogo kufuata mviringo. Kiki alitoa vipande, akafunga, akapitisha kidole. Kilipita kimoja.

Mado aliunyoosha mkono, akaukunja, akaupeleka nyuma ya shingo kama anayefunga kilemba. Saa haikumchoma nyuma ya kiganja wala haikunasa nguo. Kisha akaushika mkono wa binti yake, akaweka vidole kwenye mshipa, akatazama mshale ukizunguka.

"Moyo yako inakimbia, Jojo."

"Maman, juu ya nini haikimbie? Montre ya mwanaume! Papa Clément atasema nini?"

"Sijuwe."

"Sasa kama unajua kama haujue—"

"Tangu siku nazaliwa sikuchaguaka kintu cha kuvaa bila mutu kuniambia ni ya nani," alisema Mado. Hakupandisha sauti. "Ile ya zahabu ni ya dote. Ile mududu ni ya bibi ya balozi. Hii inanikaa."

Saa za ukutani ziliendelea kila moja kwa hesabu yake. Kisha sauti ikatoka nyuma ya kioo, ya mtu ambaye yeye mwenyewe angepoteza mke kama Jumamosi ingekwenda vibaya.

"Joëlle. Ambia mama, kama inamukaa, ni hiyo."

Kiki aliandaa kisanduku, na vile vipande vya mnyororo alivyotoa akavitia katika kifuko cha kitambaa, akampa Mado. "Utunze, mama. Mukono ikinenepa, unarudia."

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa habari ya saa ilikuwa imefika hata kwa wasioalikwa. Turubai lilikuwa lile lile. Nono aliingia na sinia, akaliweka mezani kati ya pande mbili, akafunua kitambaa.

Clément aliinama. Aliinuka. Akavaa miwani, akainama tena.

"Papa Kangwa," alisema, "hii ni montre ya mwanaume."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Kangwa hakuwa ameambiwa kitu. Aliitazama saa, na uso wake, uliokuwa umejiandaa kwa ugomvi, ukachanua polepole.

"Ya mwanaume, ndiyo," alisema. "Sasa nafahamu. Mutoto amefikiri muzuri. Ku kiti cha baba nani anaikala? Ni miye. Tulivala costume, tulivala kofia, montre njo ilibakia!" Na kabla mtu hajasema lolote alinyoosha mkono, akaiinua kutoka kwenye sinia.

Upande wa wakwe ulipiga makofi machache, yasiyo na uhakika. Clément alifikiri. Kwa kweli hesabu ilikuwa nzuri. Saa ilikuwa imeinuliwa, na aliyeiinua ni mtu wa upande wa binti, aliyekaa kiti cha baba. Jambo lingeweza kuishia hapo. Joëlle, dirishani, alikuwa tayari anafuta macho kwa furaha. Mado aliliona hilo pia, akashika pochi yake kwa mikono yote miwili.

Kangwa aliivaa saa. Mnyororo ulifika nusu. Aliuvuta, akageuza mkono juu, akaubana dhidi ya tumbo, akashusha pumzi kama anayefunga suruali. Pande mbili za kifungo zilitazamana kwa mbali bila kukutana.

"Mukono ya mutoto mudogo hii," alisema akitokwa jasho. Na kwa kuwa haikufungika, akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Aliivua, akaipeleka chini kuelekea mezani.

"Usiiweke!" alipiga kelele Clément.

"Usiweke chini!" walipiga kelele wote, pande zote mbili, hata shangazi yule wa nyuma.

Kangwa aliganda, saa ikining'inia juu ya sinia umbali wa kiganja. Hakuweza kuivaa na hakuweza kuiweka. Alisimama vile kwa muda, amebeba ndoa ya mtoto wa dada yake kwa vidole viwili.

"Vipande," alisema ghafla, akageuza shingo. "Mu magasin banapunguzaka, banapatiaka bile binabakia. Mado! Biko wapi?"

Watu wote wakamtazama mama wa binti. Angeweza kuitikia kwa kichwa. Angeweza kufungua pochi na kuvitoa, Kangwa angeongezewa mnyororo, na binti yake angeolewa saa hiyo hiyo bila neno zaidi. Mado alisimama. Mama wa binti haongei siku hiyo, na katika kikao chote hakuna aliyewahi kuona mmoja akisimama.

"Biko mu pochi yangu," alisema. "Na kule njo bitabakia."

"Dada!"

"Yaya, kaka yangu, ile montre niliichagua miye. Ni mukono yangu balipimia. Papa Clément alisema mama achague ile inamukaa. Nilichagua. Kama iko mubaya juu ya miye kuwa mwanamuke, aseme sasa, nisikie, tukunywe sucré."

Alibaki amesimama. Mardochée, upande wa pili, aliendelea kutazama miguu yake, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Clément alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na akaichukulia muda kazi hiyo. Alikuwa amesema maneno yale mwenyewe, mbele ya watu, kwa sauti yake ya kanisani: ile inamukaa. Hakuwa amesema ya mwanamke. Aliangalia alama nyekundu iliyobaki kwenye mkono wa Kangwa, kisha mkono wa yule mama.

"Mama," alisema, "kuya karibu."

Mado alipita kati ya viti, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Papa Kangwa, usirudishe pa plateau. Mupatie dada yako, toka mu mukono yako mupaka mu mukono yake. Ufunge weye mwenyewe."

Kangwa alifunga. Vidole vyake vinene vilihangaika na kifungo, Mado akamwonyesha bila kusema pa kubonyeza, kikalia tik. Clément, kwa kuwa ni mtu asiyeacha jambo nusu, alikuja akapitisha kidole chake kidogo kati ya chuma na ngozi. Kilipita kimoja.

"Imepokelewa," alisema.

Vigelegele vilianza upande wa wakwe kwanza, na Nono ndiye aliyevianza. Joëlle aliitwa nje. Mpiga ngoma, aliyelipwa mara mbili kwa sherehe moja, alijitahidi kama anayetaka kulirudisha deni.

Kangwa alibaki amesimama kando ya dada yake, akisugua mkono.

"Na miye?" alimnong'oneza. "Ku kiti cha baba nitabakia na nini?"

"Uko na kofia, yaya," alisema Mado. "Vala, jua ni kali."